Aliyepelekwa London na Redio

Mama mmoja wa Muhoroni alitaka namba ya simu ya kaka yake anayeishi London. Ndivyo Debra alivyomwambia Cliff Wasike asubuhi ya Jumatatu, akiwa amesimama mbele ya kibanda cha fundi huyo sokoni Kibuye, Kisumu, viatu vyake vya ofisini vikizama kwenye tope.

"Amepiga mara sita," Debra alisema. "Mara sita, Cliff. Anasema wewe ndiye unajua mahali kaka yake anakaa."

"Kaka yake nani?"

"Zablon Achola."

Cliff aliacha waya aliokuwa ameushika. Mbele yake ilikuwa imelala amplifaya ya kanisa moja la Obunga, iliyounguzwa na mhubiri asiyejua kunong'ona. Moshi mwembamba ulikuwa bado ukipanda kutoka pale alipokuwa anaunganisha.

"Debra, huyo mtu alikufa mimi sijazaliwa."

"Mimi najua. Wewe unajua. Sasa mwambie dada yake."

"Ana dada?"

Debra aling'oa kiatu kimoja kwenye tope. Alikuwa meneja wa kituo kidogo cha redio ya jamii, chumba kimoja na nusu juu ya duka la vipuri vya magari, na alikuwa amezoea kuomba radhi kwa niaba ya watangazaji wasiolipwa. Lakini hili lilikuwa jipya. "Wewe mwenyewe ulisema ana dada," alimwambia. "Alhamisi. Nilikuwa nimekaa hapo karibu na wewe."

Ni kweli alisema.

Kipindi chenyewe kiliitwa "Ingekuwaje", Alhamisi saa tisa alasiri, na kilitokana na upweke. Cliff alizaliwa Obunga, mtoto wa mpagazi aliyeshuka kutoka Webuye kuja kubeba mizigo stesheni. Nyumbani walisema Kibukusu, nje Kijaluo, kanisani Kiswahili, na katika lugha zote tatu hakupata mtu wa kuzungumza naye kuhusu muziki wa roki. Ugonjwa huo aliupata akiwa na miaka kumi na tisa, alipoitwa Milimani kutengeneza gramafoni ya afisa mstaafu. Yule mzee, ambaye wanawe walikuwa wameondoka na hawaandiki, alimpa kasha zima la santuri abebe, akisema kelele zile zilikuwa za kijana wake na hataki kuziona tena. Cliff akazibeba begani hadi Obunga. Sasa ana miaka arobaini na saba, ana mke, mabinti wawili na kibanda cha kutengeneza redio, na bado mtu akimwuliza anapenda mwanamuziki gani, anasita kidogo kabla ya kujibu, kama mtu anayeulizwa dhehebu lake mahali asipokuwa na uhakika wa wenyeji.

Mwanzoni kipindi kilikuwa mchezo tu. Ingekuwaje kama gitaa la umeme lisingebuniwa? Ingekuwaje kama meli zilizokuwa zikipeleka santuri za Wamarekani weusi kwenye bandari za Uingereza zingezama, na wale vijana wa Liverpool wasisikie chochote? Wangekuwa mafundi bomba, alisema Cliff, na wake zao wangefurahi. Hakuna aliyepiga simu.

Kisha Jumapili moja, siku ambayo soko la Kibuye hufurika mpaka barabarani, alipata kwa muuza vyuma chakavu santuri ndogo iliyofungwa kwa karatasi ya daftari. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: Zablon Achola, mwana wa Ogola, Muhoroni. Muuzaji alikumbuka jina. Kijana wa mashamba ya miwa, alisema, alizama ziwani na wengine kumi akitoka kupiga muziki Kendu Bay, mwaka sabini na tatu. Wengine wote walipatikana. Yeye hakuonekana.

Cliff aliisikiliza mara kumi na nne. Gitaa lilianza polepole, likiongea na gitaa la besi kama watu wawili wanaopika chungu kimoja, halafu katikati wimbo ukageuka, ukashika mbio, na sauti ikaanza kukwaruza na kunguruma. Ni ile ile sauti ambayo Wazungu waliitafuta kwa kuchana spika zao kwa wembe. Huyu wa Muhoroni, Cliff aliwaambia wasikilizaji, lazima spika yake ilitafunwa na panya.

Hivyo akampeleka London. Kwa wiki nane, kila Alhamisi. Katika historia ya Cliff, mashua iliondoka Kendu Bay bila Zablon kwa sababu alikuwa hajamaliza sahani ya samaki. Akafika Nairobi, akakutana na fundi mitambo wa Kiskoti, akapanda ndege, na roki ikageuka njia. Wapiga besi walitoka nyuma ya jukwaa wakasimama mbele. Nyimbo zikaacha kulilia wasichana wasio na majina, zikaanza kutaja watu kwa majina, na mito yao, na mama zao. Katika viwanja vya mpira vya Uingereza muziki ulisimamishwa katikati, kama unavyosimamishwa huku, ili dereva wa lori wa Manchester ajisifu na kusifu kwao, kisha gitaa likaendelea. Hakuna tena aliyevunja gitaa jukwaani, maana mtu wa Muhoroni avunje gitaa mbele ya watu, halafu amwambie nini mjomba wake? Na wale vijana waliokufa mapema kwa dawa za kulevya hawakufa, kwa sababu kila bendi ilisafiri na shangazi mmoja.

Simu zilianza kulia. Walipiga kutoka Obunga, Nyalenda, ufukwe wa Dunga. Watu walimpenda Zablon. Na wiki ya nane mmoja akauliza, "Sasa huyu ndugu yetu yuko wapi leo?"

Cliff alikuwa na furaha siku hiyo. Hakufikiri. Akasema Zablon Achola mwana wa Ogola wa Muhoroni sasa ni mzee wa mvi, anakaa London katika nyumba ndogo yenye mlango wa kijani, samaki wa kule hawana ladha, na kila jioni anatamani nyoyo ile aliyokuwa akipikiwa na dada yake.

Nyoyo ni mahindi na maharagwe tu. Nani kando ya ziwa hili hajawahi kupikiwa mahindi na maharagwe na dada yake? Lakini huku, mtu akisimama mbele ya watu akamtaja mwingine kwa jina la babake na kwao, anatoa ushahidi. Ndivyo watu wanavyosimama matangani. Cliff ameishi nao maisha yake yote, na alipaswa kujua.

Jumanne alikwenda Muhoroni kwa pikipiki ya rafiki yake, akila vumbi la malori ya miwa, akirudia kichwani maneno ya kuomba msamaha kwa Kiswahili, halafu kwa Kijaluo. Hayakuwa mazuri kwa lugha yoyote.

Uani kwa Ogola kulikuwa na nguzo nne za hema lisilo na turubai. Mama Awuor, yule aliyepiga simu mara sita, alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mwembamba, amepita miaka sabini, na alimshika Cliff mikono yote miwili kabla hajajitambulisha.

"Sauti yako ni kubwa kuliko wewe," alisema. "Nilidhani utakuja mtu mnene. Umeleta namba?"

Cliff alikwepa macho yake. Kando ya ghala, juu ya gunia safi, aliona tunda la yago, refu kama mkono wa mtu mzima, zito, la kijivu. Alijua maana yake. Wajaluo wakimpoteza mtu wao asionekane mwili, huzika yago mahali pake, kwa heshima zote, ili aliyepotea apate pa kulala na waliobaki wapate pa kulilia. Mazishi ya Zablon yalikuwa yameshapangwa.

"Ilikuwa tumzike Jumamosi hii," Mama Awuor alisema, akifuata macho yake. "Mama yetu alikataa miaka yote. Alisema mpaka auone mwili. Mama akafa. Kaka zangu wakafa. Kwa mama yetu nimebaki mimi tu ninayeukumbuka uso wa Zablon. Nikaambia wazee, nikiondoka mimi, mtakuwa mnazika nani? Wakakubali. Sasa wewe ukasema yuko."

"Mama, hayuko. Nilitunga."

Kutoka kivulini mwa nyumba aliinuka mzee aliyevaa koti licha ya joto, akavuta kiti chake hadi mbele ya Cliff, akakaa. Huyu alikuwa Mzee Okello, binamu wa marehemu, au wa mtu aliye hai, kutegemea unamwuliza nani. Yeye ndiye aliyeamuru turubai litolewe.

"Ulitunga," alisema Mzee Okello. "Hilo jina la Zablon, ulitunga?"

"Hapana, Mzee. Lilikuwa kwenye santuri."

"Ogola?"

"Pia."

"Dada?"

"Nilibahatisha."

"Nyoyo?"

"Nilibahatisha, Mzee."

"Hii Awuor ndiye alikuwa anampikia nyoyo. Kila siku. Kijiji chote kinajua." Alimgeukia shemeji mmoja aliyekuwa anasikiliza langoni. "Unaona hii mtu? Inabahatisha kuliko mganga."

Wakacheka, na kicheko kile kilimtisha Cliff kuliko matusi.

"Bwana," Mzee Okello akaendelea, sasa bila kucheka, "mtu akizikiwa yago na bado anapumua, waliomzika wamemuua. Laana itatembea katika boma hili mpaka kwa watoto wa watoto. Umetangaza kwa dunia nzima kwamba anapumua. Mimi sizikii mtu anayekula samaki London."

"Nitasema redioni nilitunga. Kesho."

"Sema."

Jumatano Debra alimpa nusu saa. Cliff hakulala vizuri, hakula, na alipokaa mbele ya kipaza sauti mdomo wake ulikuwa mkavu kama karatasi ya msasa. Alisema wazi. Alisema hakuna London, hakuna mlango wa kijani, yote yalitoka kichwani mwake, na akaiomba radhi familia ya Ogola.

Mpigaji wa kwanza alikuwa kijana. "Cliff, omera, ndugu yetu, wamekutisha?"

"Hakuna aliyenitisha."

"Hauwezi sema. Tunaelewa. Kama wamekutisha, kohoa mara mbili."

"Nasema hakuna..." Alikohoa. Akajaribu kumeza mate, hakukuwa na mate, akakohoa tena.

"Mmesikia!" kijana alipiga kelele. "Wana Kisumu, mmesikia wenyewe!"

Baada ya hapo haikuwezekana kuizuia. Mama wa Nyalenda alisema ni Waingereza, hawataki ijulikane kwamba muziki wao uliibwa Muhoroni. Mwanamume wa Dunga alisema binamu yake amewahi kumwona Zablon kwenye televisheni, nyuma ya wengine, akiwa na kofia. Mwingine akauliza kama Zablon angekubali kugombea udiwani. Debra alizima laini za simu, akaweka wimbo wa kanisa, akakaa chini ukutani na kuvua viatu.

"Sasa umemfanya awe hai mara mbili," alisema.

Nyumbani mkewe, Nakhungu, alimwekea chakula ambacho Cliff hakukigusa. "Hao wazee hawatazika," alisema Cliff. "Na mama atakufa kaka yake hajazikwa."

"Si umwambie tena ni uongo?"

"Yeye ananiamini nilitunga. Ni wengine ndio hawaamini."

"Basi yeye ndiye wa kumwogopa," Nakhungu alisema. "Mtu akijua umemdanganya na bado hajakutukana, anataka kitu."

Alhamisi asubuhi, alipofika kibandani, Mama Awuor alikuwa ameshakaa juu ya spika iliyogeuzwa, kitambaa cha kanisa kichwani, mkoba magotini. Alikuwa amesikiliza kipindi cha jana pamoja na Mzee Okello. Okello alisikia kukohoa, akainuka na kuingia ndani.

"Usiwaambie tena ulitunga," alisema Mama Awuor. "Hawasikii hiyo. Wewe ulimtoa kwenye mashua. Mrudishe kwenye mashua."

"Mama?"

"Leo si siku ya kipindi? Waambie alipanda."

Kumpeleka mtu London kulikuwa rahisi. Hili lingine lilikuwa kama kumshika mtu shingo mbele ya mji mzima. Vipi kama kweli aliponyoka mahali? Vipi kama kuna mzee fulani, si London, labda Musoma, labda Jinja, aliyeokotwa na wavuvi na akaona haya kurudi? Maswali yale yale aliyokuwa akiyachezea kila Alhamisi yalimgeukia na kumkodolea macho. Na hapo ndipo alipotambua kwamba katika wiki zote nane hakuwahi kumwuliza mtu yeyote ilikuwaje.

"Ilikuwaje, Mama?"

Alimsimulia pale pale, wateja wakipita, mtu mmoja akiuliza bei ya betri na kujijibu mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na tisa, alikwenda Kendu Bay kuipikia bendi. Walipiga siku tatu katika matanga ya mtu mkubwa. Siku ya kurudi yeye aliogopa maji, akamwambia Zablon waende wote kwa barabara. Zablon akasema gitaa halipendi vumbi.

"Na ile sahani ya samaki uliyosema," alisema Mama Awuor. "Uliisikia wapi?"

"Sikuisikia popote."

"Mimi ndiye niliyempa. Nilimwambia harakisha, mashua itakuacha." Alifungua mkoba, akaufunga. "Alikula haraka. Alikuwa mtiifu, yule. Sasa wewe na redio yako mna wiki nane za ingekuwaje. Mimi ninazo za miaka hamsini na zaidi. Ingekuwaje kama ningempa samaki mwenye miiba mingi? Ingekuwaje kama ningemshika shati? Nimechoka, Cliff. Nataka nimzike."

Saa tisa walikuwa wamekaa wawili studio, magoti yakikaribia kugusana, kwa sababu chumba kilikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu. Debra alifunga dirisha kuzuia honi za chini. Cliff alikuwa ameandika kurasa tatu, na taa nyekundu ilipowaka aliona hazina kazi.

"Zablon alimaliza samaki," alisema.

Palepale alisikia wazi historia yote aliyoijenga ikizimika nyumba baada ya nyumba: viwanja, wapiga besi, dereva wa Manchester na mama yake, mashangazi waliookoa maisha. Vijana wa London walirudi kwenye kelele zao wenyewe na kufa mapema kwa dawa zao. Hakuna aliyejua huko Muhoroni panya alitafuna spika.

"Alimaliza, akanawa mikono, akachukua gitaa, akaenda ufukweni kwa sababu dada yake alimwambia aharakishe. Dada yake ni huyu. Mama, endelea."

Na Mama Awuor akaendelea, kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha kanisani. Alitaja waliopanda, kumi na mmoja, kila mmoja na babake na kwao. Alitaja wingu lilikotokea. Alitaja siku ambayo kila mwili ulipatikana na nani aliupata, kumi wote. Kisha akasema, "Na Zablon Achola mwana wa Ogola alikuwa amekaa mbele, upande wa kushoto, amefunika gitaa kwa shati lake." Alimtazama Cliff, kwa kuwa hapo ndipo ujuzi wake ulipokomea.

Cliff aliona anangojewa.

"Hakutoka majini," alisema.

Akaweka sindano kwenye santuri. Simu haikulia wimbo ulipoanza polepole, haikulia ulipogeuka na kushika mbio. Ilipolia, muziki ulikuwa umekwisha na taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Debra aliitazama kana kwamba itamng'ata, kisha akaifungua.

"Huyu ni Okello wa Muhoroni," ilisema sauti, kila spika ya Kisumu ikisikia. "Awuor, umemaliza?"

"Nimemaliza, jaduong', mzee wangu."

"Rudi nyumbani. Kesho vijana wachimbe. Na huyo Bwana wa kubahatisha, mwambie aje. Asikae mbali na kaburi alilolisema mwenyewe."

Jumamosi saa nne asubuhi turubai lilikuwa limerudi juu ya nguzo. Watu walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, baadhi kutoka Obunga kabisa, na wachache walimnong'onezea Cliff kwamba wanajua ukweli wa London na watautunza. Yago lilikuwa limevishwa shuka jeupe na kulazwa katika sanduku la saizi ya kawaida, na wanaume wanne walilibeba wakijikaza kana kwamba uzito ulikuwa wa mtu. Katekista alisoma. Walilishusha.

Mama Awuor alisogea ukingoni na kuokota udongo. Alimwita Cliff kwa kidole, naye akaja, akainama kuchukua wake. Ulikuwa na unyevu, ulimganda viganjani.

"Una uhakika?" Mama Awuor alimwuliza, kwa sauti ya chini ambayo hata Mzee Okello, aliyekuwa hatua mbili nyuma, hakuisikia.

Cliff alitazama shimo.

"Sina, Mama."

"Hata mimi," alisema Mama Awuor, na akarusha.